Alhamisi kwa Kavata

Tangu Nashon aanze masomo ya ustawi wa jamii kwa mapadri, mkewe Peres alikuwa hana raha. Masomo yenyewe hakuyachukia. Alimchukia Kavata.

Kavata alikuwa mjane wa Kikamba pale mtaani Kangemi, mumewe aliangukiwa na mawe machimboni. Kila Alhamisi Nashon alitumwa kwake kujifunza kusikiliza watu wenye shida. Kujifunza kusikiliza! Mume ambaye nyumbani ukimwambia mtoto ana homa, anakujibu akiwa nyuma ya gazeti, "Chumvi iko?"

Alhamisi moja Peres akamfuata. Akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi nusu, akachungulia. Kavata amekaa kwenye kiti, Nashon kwenye kigoda, kofia magotini. Kavata akasimulia habari za shamba, za mama mkwe, mpaka akalia. Nashon hakumkatiza. Alimngoja.

"Halafu, mama?" akauliza, kwa sauti laini ambayo Peres hakuwahi kuisikia.

Angalau angemshika mkono! Hapo Peres angejua la kufanya. Angeingia na mwiko. Lakini mtu anayesikiliza tu, utamkamata kwa kosa gani? Akavumilia mpaka Kavata alipofuta machozi.

"Hodi!"

"Karibu, dada. Nani mwenzetu?"

"Mke wake. Nimekuja kupanga foleni."

Kavata akacheka. "Kaa basi, mimi nimemaliza. Lakini kwa mume kama huyu, dada, nyumbani unafaidi!"

"Nafaidi sana. Uso wake siuoni, lakini gazeti nalijua lote."

Nashon alikuwa ameshasimama. "Mama Joash, twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani ulikuwa na miaka. Keti."

Akaketi. Peres akakalia kiti kile kile, kingali na joto la Kavata, na joto hilo likamuudhi. Akaanza na habari za binti yao aliyefariki wakati wa masika. Jinsi Nashon alivyorudi kazini kesho yake, wala jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani. Jinsi yeye Peres alivyozikunja nguo za mtoto huyo peke yake. Nashon alimsikiliza, macho kwake, mpaka mwisho.

"Halafu, mama?"

Peres akaruka. "Hiyo ni ya Kavata! Usinipe makombo yake. Mimi una lipi la kuniambia?"

Nashon akainuka nusu. Kofia ikamwanguka.

"Peres," akasema, na sauti haikuwa laini hata kidogo, ilikwaruza. "Nilikuwa naogopa. Ningelitaja jina lake, ningelia mbele yako."

"Litaje."

Midomo yake ikaanza kutetemeka. Peres akageuka, Kavata bado amesimama pale, mkono shavuni, anasikiliza.

"Dada," Peres akamwambia, "tupishe kidogo."

Kavata akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akarudisha mlango.