Mstari wa Saba

Brashi alikuwa juu ya ngazi tangu saa mbili asubuhi, akiandika bei kwenye ubao wa duka la dawa kwa rangi ya mafuta. Jina hilo alipewa mtaani. Lile la kwenye cheti analikumbuka mama yake tu, tena akikasirika.

Sheria mpya ilitaka kila duka la dawa liandike bei pale mteja anapoweza kuziona, na mkaguzi angefika saa nne. Mwenye duka, ambaye watu humwita Dokta naye hajawahi kukanusha, alimpa karatasi ya bei na kumhimiza aharakishe.

Kwenye mstari wa saba mkono ukamsimama. Vidonge vya presha: elfu nne. Mama yake alikuwa amemeza cha mwisho alfajiri, na pakiti hiyohiyo Brashi huinunua hapahapa, elfu tisa kila mwezi.

"Kumbe zimeshuka, Dokta?"

"Wewe andika, fundi. Kusoma waachie wenyewe."

Mkaguzi akaja, akapiga picha ubao, akagonga muhuri, akapewa soda. Hata kuimalizia hapo hakukaa, aliondoka nayo.

Brashi akashuka. "Haya, nipe pakiti ya mama. Elfu nne."

"Za bei hiyo zimekwisha. Zipo za elfu tisa."

"Si boksi lilelile?"

"Boksi ndilo. Bei siyo."

Bibi mmoja kwenye foleni akaguna. "Mjukuu wangu, huo ubao ni wa wageni, kama vikombe vya kabatini."

Foleni ikacheka. Dokta akasukuma pakiti juu ya kaunta. "Ujira wako ulikuwa elfu tisa. Tumemalizana."

Asubuhi nzima juu ya ngazi, pakiti moja. Brashi aliitazama, akaitia mfukoni. Presha haingoji mtu ashinde kesi. Kisha akapanda tena.

"Unakwenda wapi?"

"Nimekosea mstari wa saba, bosi. Kazi mbovu siachi nyuma."

Akaifuta nne kwa kitambaa, akachora tisa, nono, yenye tumbo. Dokta akatoka mbio na kuishika ngazi. "Shuka! Shuka nakwambia!"

"Usiitikise, Dokta, rangi itakumwagikia."

Dokta akaiachia.

"Na mstari wa tatu, mjukuu wangu," bibi akasema, akisogea mbele. "Jana nimelipa saba na mia tano."

"Mia tano nayo niiweke?"

"Iweke. Tena iandike kubwa. Mkaguzi wao haoni karibu."