Kondoo Aliyeacha Kusukuma

Asteria, afisa mifugo wa kata, alifika Kwakoa saa nne asubuhi. Kondoo wa mzee Aminieli alikuwa ameanza uchungu alfajiri, kisha mbwa wawili wakaruka uzio na kumkimbiza. Tangu hapo hakusukuma tena. Zizi lilijaa majirani, wawili kati yao wamemshika kondoo miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mvute huyo mwana, daktari, asije akafia humo."

Asteria alivaa glavu, akapima. Mwanakondoo alikuwa amekaa vizuri, lakini njia ilikuwa imefunguka nusu tu. Kumvuta kungemchana mama.

Chuoni aliwahi kuchukua vipande vya mifuko ya uzazi ya kondoo kutoka machinjioni Same, akavitundika kwenye maji vuguvugu ya chumvi na kuvidondoshea adrenalini, homoni ya hofu. Vya kondoo waliokuwa kwenye joto, tayari kupandwa, vilijikunja. Vya wenye mimba vililegea. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni vipokezi, zile sehemu za misuli zinazoipokea homoni, na vipokezi hivyo hubadilishwa na homoni za uzazi.

"Ameogopa," alisema. "Hofu imelegeza misuli ya uzazi. Naomba wote mtoke. Na wewe, mzee."

"Nitoke kwenye zizi langu?"

"Tafadhali, mzee."

Majirani walitoka, na mzee nyuma yao, uso umekunjamana.

Asteria alikaa pembeni. Vipande vya nyama si kondoo mzima, na hili la kusubiri hakuwahi kulijaribu. Akikosea, nusu ya kijiji imeshuhudia.

Baada ya dakika arobaini kondoo alitafuna majani kidogo, akalala, akasukuma. Mwanakondoo wa kwanza alitoka akipiga chafya. Wa pili, pacha wake, alikuwa mdogo, amekufa.

Aminieli aliingia, akamgusa yule mfu kwa kidole.

"Ungevuta mapema, huyu angepona?"

"Sijui, mzee. Nipe nikampasue, nitakwambia ukweli hata kama kosa ni langu."

Mzee alienda mwenyewe kutafuta mfuko, akamtia yule mfu, akaufunga nyuma ya pikipiki ya Asteria.

Mchana Asteria alimpasua. Ini na figo zilikuwa zimeshalainika. Hiyo ilionyesha kwamba alikufa tumboni kabla uchungu haujaanza. Alimpigia Aminieli simu, akamweleza.

"Nimekusikia," mzee alisema. "Wiki ijayo wengine wawili wanazaa. Uje mapema, watu nitawafukuza mimi."