Flashi Mkononi mwa Tumpe

…na hata jasho halimtoki, aliwaza Tumpe, kidole gumba kimeibana flashi kwenye tundu lililolegea la ile kompyuta kuukuu, huku Eveline, mwalimu mgeni aliyetoka Iringa na salamu yake ya Kihehe, "kamwene", wiki tatu hazijaisha tangu afike, amekaa kwenye kiti cha Tumpe, juu ya kitambaa alichofuma Tumpe, anasoma maandishi meupe yanayopanda kwenye kioo cheusi kama anasoma barua ya nyumbani… "Usiiachie, Madam, ikicheza kidogo tu tunaanza upya kuupakia mfumo," sawa, haachii, miaka kumi na moja ndiye mwalimu wa kompyuta hapa Iyunga na leo kazi yake ni kushikilia, asilimia sitini na tatu, haisogei, na mkuu wa shule, Mwalimu Ndalahwa, kasimama mlangoni mikono nyuma, anatabasamu, lini aliwahi kumtabasamia yeye hivyo, "Kumbe zinafufuka!" na Eveline anacheka, "Zina RAM ndogo tu, Mkuu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ule mfumo wa mwanzo ulizilemea, hii Linux ni nyepesi, halafu nimetenga kipande cha diski kiisaidie kumbukumbu," kiisaidie kumbukumbu, maneno gani hayo, mbona yeye hayajui, au yalisemwa kwenye ile semina ya walimu wa kompyuta, yeye kakaa nyuma anachati… ingekuwa kulegeza kidole tu, nani angejua, tundu bovu, samahani jamani, mkono umekufa ganzi, na lile tabasamu la mlangoni lingezimika, kidole kikalegea, kweli kikalegea kidogo… kompyuta kama hii zipo kumi na mbili, zimerundikwa stoo nyuma ya magunia ya maharage, yeye ndiye aliyeandika "mbovu, hazifai," na hakuwahi kufungua hata moja, hata moja, tangu hapo watoto wanachora kibodi kwenye daftari, wanabonyeza karatasi, naye anawasahihishia kwa wino mwekundu, Mungu wangu, herufi ya karatasi, kwa wino mwekundu… akaibana flashi mpaka ukucha ukawa mweupe. "Eveline," sauti ilimtoka kavu, Mkuu bado yuko mlangoni, asikie basi, "hicho kipande cha kusaidia kumbukumbu… mimi sijui kinavyotengwa. Utanionyesha?" "Ndiyo, Madam, tukimaliza hii," sitini na tatu, bado sitini na tatu, na Tumpe akajikuta anaiombea isogee.