Mbuzi wa Ijumaa ya Kwaresima

Upepo wa Machi ulipoezua kigango cha Wakatoliki, Bertha aliapa kwamba kitaezekwa kabla ya Jumapili ya Matawi, hata ikibidi apande kwenye kenchi yeye mwenyewe na vitenge vyake. Padri alikuwa anakuja siku hiyo, na akishapita, ndiyo basi mpaka miezi mitatu. Na mjukuu wa Bertha hajabatizwa! Mtoto wa bintiye Fortunata huyo, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya machozi. Nani angekubali kusubiri tena?

Bati halikuwa shida. Zama za kupanga foleni duka la ushirika zilikwisha. Sasa Sumbawanga mjini ni pesa yako tu. Shida ilikuwa watu, maana wanaume wa kigango walikuwa wachache, tena waoga wa ngazi. Basi Bertha akameza kiburi, akavuka kijito kwenda kwa Masunga, Msukuma mfugaji, mzee wa kanisa la Kiprotestanti la AIC. Miaka sita walikuwa majirani wa kupungiana mikono kwa mbali. Masunga hakusita. Akasema Ijumaa kabla ya Matawi watakuja watu kumi na wawili, pamoja na mkokoteni wa maksai.

Sasa, Ufipa huwezi kuita watu kazini ukawatazama tu. Bertha akapika pombe ya ulezi, mitungi mitatu, ya kumfurahisha mtu yeyote.

Ijumaa mchana, paa likiwa nusu, akaifunua. Watu wa AIC wakatazamana. Kwao anayekunywa hutengwa. Kabla hawajasema neno, akatokea Rahel, mke wa Masunga, na wenzake, wamejitwika masufuria ya nyama. Walikuwa wamechinja mbuzi wawili kwa heshima ya wenyeji. Nyama, Ijumaa ya Kwaresima! Mzee Polikarp, katekista, akapiga ishara ya msalaba.

Minong'ono ikaanza. Huku wakasema wanajaribiwa, kule wakasema wanadharauliwa. Masunga akashuka ngazi, akawaambia vijana wafunge maksai waondoke. Bertha akaliona lile paa wazi, moyo ukamwuma kweli kweli.

"Baba Kija, subiri," alimwambia Masunga. "Mimi sikujua kama hamnywi. Na wewe hukujua kwamba sisi leo hatuli nyama?"

"Miaka sita, Mama Fortunata, hujawahi kunikaribisha chakula," Masunga alijibu taratibu. "Ningejulia wapi?"

Ilikuwa kweli, na aibu ikamshika Bertha mbele za watu. Aliyewaokoa ni Rahel. Alitazama mitungi, akatazama masufuria, akaanza kucheka hadi akakaa chini, na kicheko kikawaambukiza wote, hata Polikarp. Nyama ikarudishwa kwa Rahel ikaushwe, mitungi ikafunikwa. Bertha akasonga ugali, akaunga dagaa wa Kirando, wakachangia masinia, mikono ikigongana. Jua linazama, bati la mwisho likapigwa msumari.

Jumapili watu wa AIC waliwahisha ibada yao, wakaja kusimama nyuma. Padri akashika maji ya ubatizo, akauliza mtoto anaitwa nani. Kijiji kizima kilijua jibu: Bertha, kama bibi yake. Fortunata akafungua mdomo, lakini mama yake akamshika mkono, akageuka kutazama nyuma, waliposimama watu wa AIC.

"Rahel," alisema Bertha. "Anaitwa Rahel."