Rododendroni ya Nyambeki

Mke wangu Nyambeki alitoa hukumu Jumapili asubuhi, tukiwa tunakunywa chai: mti wa rododendroni ung'olewe, na mahali pake pajengwe zizi la mtamba wetu, ambaye bado hajazaa.

"Zizi litajengwa nyuma ya jikoni," nikasema.

"Nyuma ya jikoni maji inasimama. Ng'ombe ataoza kwato. Baba Moureen, hii mti imekaa hapo miaka yote inakula mbolea na haijatupatia hata ua moja. Mimi nimechoka kuingoja. Labda hainipendi tu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, huku akipuliza chai yake, na ndiyo maana yaliniuma. Angepiga kelele nami ningepiga kelele, kwa kuwa hasira yangu iko karibu, hata watoto wa jirani wanalijua hilo. Lakini mtu akikata tamaa kwa upole namna hiyo, utamfokea nini?

Inabidi nieleze mti wenyewe ulikotoka. Tulifanya kazi miaka mingi katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, mimi kiwandani kwenye mitambo ya kukausha majani, yeye nje na kikapu mgongoni. Kipande kimoja cha chai kilipakana na bungaloo ya meneja, na ndani ya seng'enge ya bungaloo ilisimama miti ya rododendroni mirefu kuliko mtu, iliyopandwa na watu waliokwisha kufa zamani. Ni mti wa pambo tu. Majani yake ni mazito, ya kijani kilichokolea, na mwaka mzima unaweza kuupita bila kuutupia jicho. Kisha mvua ikikolea unafungua maua mekundu, mafungu mafungu, kila fungu kubwa kama kichwa cha mtoto, mpaka majani hayaonekani tena.

Nyambeki alikuwa akijipangia mstari wa karibu na seng'enge ile. Msimamizi alimfokea mara nyingi kwa kuzubaa. Jioni aliingia chumbani kwetu na matope yake miguuni, na kabla hajanisalimu alisema, "Leo imefungua." Siku moja, mgongo ukimuuma, akaniambia, "Tukipata kwetu, nataka nifungue mlango asubuhi nikute hiyo kitu inaniangalia." Nikamwahidi. Sikuwa na kitu kingine cha kumwahidi wakati ule.

Baadaye mashine za kuchuma chai zililetwa, na wachumaji wengi wakarudishwa nyumbani, Nyambeki akiwa mmoja wao. Mimi nilipostaafu tulihamia kiploti chetu upande huu wa Sotik, na siku ya kuondoka Seth Oyoo, mtunza bustani wa bungaloo, akaniletea mche uliofungwa kwenye gunia. Alikuwa ameinamisha tawi la chini, akalifukia udongoni na kuliwekea jiwe, akalisubiri mpaka likaota mizizi yake lenyewe, ndipo akalikata. Oyoo ni mtu anayependa maneno. Alilitamka jina la mti huo polepole, ro-do-den-dro-ni, kama anayepakua nyama na hataki iishe.

"Omariba, usichimbie yeye chini sana, mizizi yake inakaa juu juu," alinionya. "Majivu usimpe kabisa. Udongo ya chai, hiyo ndio chakula yake."

Nikaupanda kati ya mlango na lango, mahali ambapo mtu hawezi kuingia wala kutoka bila kuupita. Ukashika. Ukanenepa, ukafika kifuani, majani yaking'aa. Ila ua hakuna. Msimu ukija, msimu ukienda, Nyambeki anafungua mlango asubuhi, anautazama, anakwenda kuwasha moto.

Sasa niwaambie, sikukaa nikafunga mikono. Kwanza nilisema ni majivu, nikamkataza Nyambeki kumwaga jivu la jikoni upande ule, naye akaniapia kwamba hajawahi. Nikasema ni jua, nikauwekea kivuli cha matawi. Nikauwekea majani ya chai yaliyooza shinani. Mwisho nikasema ni mbuzi wa Fancy. Fancy ni jirani yetu, Mkipsigis, mama mcheshi mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mbuzi wake hawana adabu. Nilikuwa nimeziona ncha za matawi zimekatika, moja baada ya nyingine. Sikuuliza. Nilivuka seng'enge nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Tangu siku ile hakutuletea tena maziwa, na akipita njiani alimsalimia Nyambeki peke yake.

Kwa hiyo hukumu ya zizi ilipotolewa, nilikuwa nimeishiwa watu wa kulaumu. Nikaomba muda.

"Mpaka masika ya mwaka ujao," nikamwambia Nyambeki. "Mvua ikiisha bila ua, nitashika jembe mwenyewe."

"Mpaka masika," akasema. "Lakini mogaka, usinidanganye tena." Huniita mogaka, yaani mzee, akiwa na huruma nami au akiwa amenichoka, siku ile sikujua ni lipi.

Nikampigia Oyoo simu. Siku hizi anakaa kwao upande wa ziwa, na alinicheka kwanza kabla ya kunisikiliza. Nilipofika kwenye mbuzi akanikatiza.

"Mbuzi? Mbuzi akikula hiyo majani, atalala chini na povu kwa mdomo. Iko na sumu, Omariba! Mbuzi ya huyo mama imewahi kugonjeka?"

"Haijawahi."

"Basi si mbuzi. Sikiza. Hiyo mti inaweka maua yake kwa ncha. Ncha ya tawi, mwisho kabisa, kitumba kinafunga mapema, miezi mingi kabla ya kufungua. Ukivunja ncha, umevunja maua ya mwaka mzima. Tafuta mtu anavunja ncha."

Nikakata simu nikiwa nimewaka. Mtu! Mtu anaingia kwangu, kwenye boma langu, anavunja maua ya mke wangu. Nikajificha nyuma ya tangi la maji na kigoda changu, fimbo mapajani, nikakaa nikiulinda mti kama polisi.

Mtu wa kwanza kutokea alikuwa Nyambeki. Alitoka jikoni na simu sikioni, akiongea na binti yetu Moureen. Nilisikia habari za mtoto wa Moureen anayeota meno. Akawa anatembea polepole kuelekea langoni, akicheka, akafika kwenye mti akasimama. Hakuutazama. Alikuwa anatazama mlima huko mbele. Na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaenda kwenye ncha ya tawi, kidole gumba na cha shahada vikakutana, tap. Ukaenda kwa nyingine, tap. Upesi, safi, bila kukosea, kama kuku anavyodona mahindi. Kiganja kilipojaa, akakirusha juu ya bega kwenda mgongoni, kwenye kikapu ambacho hakikuwapo. Vitumba vikadondoka chini nyuma yake, kuku wakaja kuviparua. "Eh, mpake asali kidogo kwa ufizi," akamwambia Moureen, mkono ukirudi kwenye tawi.

Fimbo ikaniteleza. Nilikaa pale nyuma ya tangi nikiwa nimeziba mdomo, sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. Jinsi nilivyokuwa mjinga! Mwanamke huyu hukaa kanisani siku ya Sabato akichuma nyuzi kwenye bega la mama aliyekaa mbele yake. Huchuma pamba za blanketi hadi limekonda. Ukimpa kitu chochote chenye ncha, mkono wake unajua kazi moja tu, majani mawili na chipukizi, na mashine zilipokuja hakuna aliyeuambia mkono huo kwamba kazi imeisha.

Ningeweza kumwambia pale pale. Mimi, mtu wa kelele, nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka alivyosema mti haumpendi, na nikawaza atakavyoiangalia mikono yake nikimwambia kwamba ni yenyewe. Mikono iliyomsomesha Moureen! Ilikwisha kuambiwa mara moja kwamba haifai. Sikuweza kuwa wa pili. Nampenda mke wangu, na nalisema bila haya kwa kuwa nimezeeka.

Jioni ile alipotoka kwenda kufunga lango, nilimfuata. Tulipoukaribia mti nikaukamata mkono wake wa kulia.

Akashtuka. "Ni nini? Unaumwa?"

"Mguu," nikasema. Sikuwa nimejiandaa. "Mguu unakosa nguvu hapa kwa mteremko."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Elewa kwamba kwetu mwanamume wa umri wangu hamshiki mke wake mkono njiani. Baba yangu alitembea mbele, mama akafuata na mzigo, na tangu tuoane mimi nami nimetembea mbele. Sasa nikawa kila akitoka nami nipo. Anakwenda sokoni, mguu unaniuma. Anakwenda kanisani, mguu unaniuma. Anakwenda kuita kuku, naruka kutoka kitini kwa wepesi ambao mgonjwa wa mguu hana, namkamata mkono tunaupita mti, kisha namwachia. Alinipaka mafuta ya kuchua mpaka ngozi ikaniwasha. Nilivumilia.

Fancy alituona siku moja kutoka kwake akaacha kukamua.

"Chamgei, Mama Moureen!" akamsalimia Kikwao kwa sauti ya juu. "Mzee amekuwa kijana? Ama anaogopa utatoroka?"

Nyambeki alicheka mpaka akajipinda. Mimi nilikuwa na deni la maneno kwa Fancy, nikaona afadhali nilimalize nikiwa tayari nimeaibika. Nikamwambia mbele ya mke wangu kwamba nilimkosea, mbuzi wake hawana hatia. Hakuniuliza nimejuaje. Kesho yake maziwa yalirudi, na mzaha juu yake.

Nilitegemea kuchoka na mchezo huu. Badala yake nikaanza kuusubiri. Kiganja cha Nyambeki ni kigumu upande wa kidole gumba, na laini kabisa katikati, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, au pengine sikuwahi kulijua. Wakati mwingine tulikuwa tumeshaupita mti na kufika barabarani ndipo nikakumbuka kumwachia. Yeye naye hakuuvuta mkono wake.

Na ncha za matawi zikaanza kuvimba. Kwanza sikuamini. Kitumba cha jani ni chembamba, lakini hivi vilikuwa vinene, vimefunga kama ngumi ya mtoto. Kiangazi kikapita navyo vikiwa vimefunga. Mvua za masika zilipoanza nilikuwa silali vizuri. Ilinyesha mfululizo, jembe likiwa limeegemea ukuta wa jikoni, na Nyambeki hakulitaja. Wala zizi hakulitaja.

Kisha asubuhi moja nikamsikia akifungua komeo la mlango. Sikusikia kuni, sikusikia sufuria. Nikaamka nikamkuta amesimama kizingitini, leso mabegani, mikono miwili imeshika kifua. Fungu moja lilikuwa limefunguka lote, jekundu, linadondosha maji, na mengine yakifuata juu yake, rangi ikichungulia kwenye ncha.

"Imefungua," akasema.

Machozi yakanitoka, sikuyafuta. Tukatembea mpaka kwenye mti, polepole, na nikamshika mkono njia nzima. Aliliinamia ua akalitazama ndani, kila kikombe, vile vidoadoa vya kooni ambavyo kutoka nje ya seng'enge ya bungaloo hakuwahi kuviona. "Kumbe iko na madoa," akarudia, "kumbe iko na madoa."

Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikamwachia mkono, nikajinyoosha.

"Mguu umepona," nikasema.

Nyambeki akageuka akanitazama, na midomo yake ilikuwa inazuia kitu.

"Mguu haujawahi kuuma," akasema. "Ile siku ulienda Sotik kutafuta dawa ya ng'ombe, nilipita hapa peke yangu. Mkono ikaenda yenyewe. Nikasikia tap. Nikaangalia chini, nikaona nilichoshika, nikasimama hapa nikalia. Halafu nikajua mguu yako inaumwa wapi."

"Hiyo ni kabla ya Krismasi!"

"Kabla kabisa. Nimechunga hii mti kukushinda. Ukilala mchana napita huku nimefunga mikono ndani ya leso."

"Na hukuniambia? Umeniacha nichekwe na Fancy, umenipaka yale mafuta ya kuwasha, na ulikuwa unajua?" Hasira yangu ilikuwa inapanda vizuri kabisa, ya haki.

"Ningekuambia," akasema, "ungeniachia mkono."

Pale langoni Fancy alikuwa amefika na maziwa, amesimama anatutazama, hata hajifichi. Nyambeki alimwona pia. Akainua mkono wake wa kulia, taratibu, akaupeleka kwenye kitumba kilichokuwa karibu kufunguka, kidole gumba na cha shahada vikiwa tayari, huku ananitazama mimi usoni. Hapo akausimamisha, akangoja. Nikaukamata.