Pembe Moja ya Ndinda

Siku Nzomo alipoambiwa ana sukari kwenye damu, aliuliza ni kilo ngapi, na kama sokoni Kithimani zingepata mnunuzi.

Hanif, kijana wa Kiislamu aliyekuwa daktari wa zahanati, alijikaza asicheke. "Mzee, vidonge hivi utameza kila asubuhi pamoja na chakula. Na pombe, wachana nayo."

"Wewe Hanif umewahi kuionja?"

"Sijawahi."

"Sasa ubaya wake umeujuaje?"

"Hata mamba hajawahi kuniuma, mzee."

Jibu lilimpendeza Nzomo, ila halikumshinda. Huyu alikuwa amestaafu kazi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho la Ekalakala, na kwa kinywa chake mwenyewe, aliwahi kumaliza pipa la kaluvu kisha akamwogesha fahali mmoja mara mbili kwa sababu aliwaona wawili. Hilo pipa lilikuwa la masimulizi. Kaluvu yake ya kweli, ile pombe ya miwa inayochachushwa kwa matunda makavu ya mti wa mwatine, ilikuwa kikombe kimoja cha jioni akishashiba. Basi.

"Kikombe cha jioni nitakupa," alisema. "Lakini pembe ya Ndinda siwezi kukupa."

Ndinda alikuwa kitinda mimba wake, na siku ya ntheo, ya mbuzi wa kumposea, ilikuwa karibu. Katika boma la kina Nzomo kulikuwa na sharti waliloachiwa na marehemu baba yake: kaluvu ya wakwe hufunguliwa na baba wa binti. Anamaliza pembe nzima ya kunywea mbele ya wazee, na tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, ili pombe ya mtoto isikute mwenyeji mwingine ndani. Asipoinywa, inarudi ilikotoka, na mchumba nyuma yake.

Nzomo akaona afanye majaribio kwanza, kama kwaya kabla ya Krismasi. Asubuhi moja alimeza vidonge kwa maji matupu, akakataa uji, akakaa na njaa. Jua lilipopanda akaenda kwa binamu yake Masila, msemaji wa ukoo, akanywa pembe moja na kurudi nyumbani anaimba.

Hakufika mlangoni. Jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa peke yake. Mikono ikatetemeka. Akamshika beberu pembe, akamwambia kwa heshima, "Chifu, karibu, lakini kodi nimelipa."

Nthenya, mkewe, akanusa hewa. "Asi! Huyu amelewa! Baba Ndinda, mkwe anakuja wiki hii nawe unaongea na mbuzi? Mwacheni alale hapo, aibu imwamshe."

Ndinda ndiye aliyekataa, akamtetea baba kwa mama yake. "Mwaitu, Nau alewe na pembe moja? Kila jioni alikuwa akinywa na hajawahi hata kukosea kiti."

"Pombe si unainusa?"

"Naisikia. Lakini mguse, mlevi hatoki jasho baridi hivi. Amekula nini leo?"

Nthenya akaitazama sufuria ya uji; ilikuwa bado imejaa. Ndinda akakoroga sukari kwenye chai mpaka kijiko kikawa kizito, akamketisha baba yake na kumnywesha taratibu. Muda si mrefu Nzomo akamtazama beberu, akauliza nani amemfungulia mnyama huyu.

Alipofikishwa zahanati, Hanif alishika kichwa. "Mzee, tumbo likiwa tupu, ini lako ndilo ghala. Linafungulia damu sukari kidogo kidogo. Pombe ikiingia, ini linaacha ghala, linakwenda kupambana na pombe. Na vidonge vyangu navyo vinazidi kuishusha sukari. Ungelala pale, wangesema umelewa mpaka wakuzike."

Nzomo alifikiri sana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kwa hiyo ini langu ni mwenye duka anayefunga duka akatazame ugomvi barabarani."

"Hivyo hivyo."

"Na wateja wakiwa wamekwisha kula?"

Hanif alivuta pumzi. "Ningependa uache kabisa. Lakini nakujua. Kama lazima, basi ushibe kwanza, iwe hiyo moja, na mtu akae karibu nawe."

"Utakaa wewe."

Siku ya ntheo wakwe walifika na mbuzi na mtungi wa kaluvu. Muli, mchumba wa Ndinda, alikuwa na shati jipya lililomkaba shingo. Masila akajaza pembe, akaiinua. Nzomo hakunyoosha mkono. Akaita, "Nthenya! Leta!"

Nthenya akaweka mbele yake sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, imefura kama kichuguu. Nzomo akaanza kula.

"Nzomo!" Masila akafoka. "Unakula mbele ya pombe ya mtoto? Umesahau sharti la mzee wetu?"

"Sijasahau. Mzee alisema tumbo tupu. Hakuwa na sukari, wala hakumeza vidonge. Mimi niko navyo vyote viwili."

"Wazee hawatakubali!"

"Basi pembe kunywa wewe, halafu useme Ndinda ni wako. Nani hapa anamwoza binti yangu, mimi au njaa?"

Mzee mmoja wa upande wa wakwe alikohoa kuficha kicheko. Masila akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Wote walikuwa wakitazama muthokoi. Nzomo alitafuna punje kwa punje, na Muli akajipangusa jasho, maana ndoa yake ilikuwa ikitafunwa pamoja na mahindi. Ndinda, mlangoni, alisimama wima kama askari wa zamu.

Sahani ilipobaki nyeupe, Nzomo akaipokea pembe, akamtazama Hanif aliyeketi kando na soda yake, akaimaliza yote. Vigelegele vikapasua boma.

Masila, uso bado umemvimba, akainua mtungi ajaze tena. "Haya, mwanamume ni pembe ya pili!"

Nzomo akaigeuza pembe mdomo chini, akaibana kwenye goti.

"Ya kwanza ni ya Ndinda," alisema. "Ya pili ni ya matanga yangu, na hayo hamjayaletea mbuzi."