Siku Arobaini za Matango

Hafswa binti Hussni hakuwa na desturi ya kumdharau mtu kwa haraka. Alimtazama kwanza, akampa nafasi, hata siku tatu, ndipo akamdharau sawasawa. Khairat hakupewa siku tatu.

Khairat alikuwa mke wa mwanawe, Fuadi. Mtoto wa Kibajuni, naam, lakini aliyelelewa Mombasa tangu vita vilipowatawanya watu. Alirudi Kismayu na mumewe mwezi wa kumi na mbili, na asubuhi ya Januari mosi akabandika karatasi ukutani, ndani ya jiko la Hafswa. Jiko la Hafswa! Jiko ambalo hata mwenye nyumba akiingia kutafuta kiberiti hupiga hodi. Karatasi ile iliandikwa kwa kalamu ya kijani: sukari basi, vya kukaanga basi, wali mweupe mara mbili kwa wiki na uwe kiganja kimoja, tui kwa kipimo, mboga kila mlo, maji ya ndimu kila alfajiri. Na chini kabisa limechorwa tango linacheka.

"Mwaka mpya, mama," alisema Khairat. "Tuuanze na afya."

"Mwaka gani?" aliuliza Hafswa, na Kibajuni kikamtoka. "Mwaka wetu sisi huukoga baharini. Mchu hutoka majini akala akashiba. Huu wa kubandikwa na selotepu ndiyo kwanza nauona."

Khairat akacheka, akadhani ameambiwa mzaha. Masikini, hata kutukanwa hajui.

Basi hapo ndipo matango yalipoingia nyumbani. Tango asubuhi na yai la kuchemsha, tango mchana na samaki wa kuchoma asiye na hata tone la mafuta, tango jioni peke yake, kwa sababu ati usiku tumbo lipumzike. Lipumzike limefanya kazi gani? Na yale yaliyobaki hayakutupwa, la. Yalikatwa visahani vyembamba, yakawekwa machoni. Kila baada ya alasiri Khairat alijilaza uani, usoni manjano na mtindi, machoni matango, na wasichana wa jirani wakaja kujifunza. Hafswa alipotoka kuanua nguo aliwakuta watano wamelala safu moja kama samaki wa ng'onda walioanikwa, na akaona hakuna hata mmoja aliyestahili kurukwa kwa adabu. Akawaruka vivyo hivyo, na ndoo mkononi.

"Siku hizi liwa ina kosa gani?" aliuliza.

"Liwa ni nzuri sana, mama!" alijibu Khairat bila kuondoa matango. "Ni ya asili kabisa."

Loo! Ya asili kabisa. Kana kwamba liwa ilikuwa imekaa miaka yote hiyo inangojea ruhusa yake. Hafswa amesinga maharusi wa mji huu tangu Khairat hajazaliwa, amesaga liwa hadi jiwe likafanya bonde, na leo anaambiwa na mtoto aliyelala chali kuwa ni nzuri. Siku ya pili yake ndiyo ikaja kasili. Kasili, majani ya mti unaoota hapo nje ya mji, ambayo kila mwanamke wa Kismayu ameoshea uso tangu utotoni. Khairat alikuwa nayo ndani ya chupa, imenunuliwa Nairobi, ina kifuniko cha dhahabu. Imetoka hapa, imepanda ndege, imevikwa kofia, imerudi. Hafswa alisonya mpaka paka akatoka jikoni.

Lakini hayo yote, wallahi, angeyastahimili. Uso ni wake, akitaka aupake hata mchuzi. Lililomchoma Hafswa lilikuwa Famau.

Famau, mumewe, ni fundi wa mashua, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi kama Hafswa mwenyewe, mtu wa miaka sitini na mbili asiyesema sana. Mwishoni mwa mwaka alijikata kidole gumba cha mguu kwa tezo, mkato wa kucheka tu, na mkato ule ukakataa kupona. Daktari Abdisalam akampima damu, akakuta sukari mia tatu na kumi na mbili. Akawaambia waziwazi, mke na mume wamekaa mbele yake: siku arobaini za dawa na chakula cha adabu, kuanzia Januari mosi. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga. Isiposhuka, asije mtu kumlaumu kwa habari ya mguu.

Na habari ya mguu nyumba ile waliijua. Jaafar, kaka yake Famau, alidharau mwiba wa samaki, akaendelea na chai yake ya sukari vijiko vinne. Sasa yuko Darakasi, amekaa mlangoni kwake na mguu mmoja, mashua anaziona zikipita. Hafswa mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwosha kidonda alipotoka hospitali. Alijua.

Alijua, ila hakuamini kwamba dawa ya jambo zito namna ile yaweza kuwa tango. Vidonge vya daktari, sawa. Lakini mwanamume anayechonga mbao tangu alfajiri hadi adhuhuri, umpe majani? Ukiona vyaelea, vimeundwa, na Famau aliundwa na sufuria ya Hafswa miaka thelathini na minne: wali wa nazi, mchuzi wa papa, ndizi juu ya wali, mahamri, halwa ya siku ya Ijumaa. Leo aje mtoto wa mwaka wa Wazungu ambomoe? Na kama si kumbomoa, mbona Famau alianza kukonda shingo? Na vile vidonge vya mafuta ya samaki alivyomletea ni kitu gani? Mafuta ya papa Famau hupaka mashua. Sasa amekuwa yeye mashua.

Uchungu zaidi ni kwamba Famau hakubisha. Alikula tango. Alikunywa maji ya ndimu, akakunja uso, akasema, "Ahsante, mwanangu." Hafswa alimtazama akaona aibu kwa niaba yake.

Basi akakata shauri. Siku ya tano alikwenda kwa jirani yake, Mwanabibi, maana sukari nyumbani kwa Hafswa imepigwa marufuku, akapika halwa huko. Halwa ya kweli, ya wanga na samli na iliki, iliyokorogwa mpaka mkono ukaomba radhi. Akaikata vipande, na kila alfajiri akafunga kipande kimoja kwenye karatasi, akakitia ndani ya mkoba wa vyombo vya Famau, chini ya randa.

"Mkobani mna kitu chako," alimnong'oneza siku ya kwanza. "Yule mtoto asijue."

Famau aliufunga mkoba kwanza. Kisha akasema, "Haya, mama Fuadi." Na aliporudi adhuhuri karatasi haimo. "Umekiona?" Hafswa aliuliza. "Nimekiona, Mungu akuweke." Hafswa akafurahi siku nzima. Yeye na mumewe, kama zamani, na yule mwingine kazi yake kukata matango.

Tangu hapo alianza hata kumpenda Khairat kidogo, vile mtu anavyompenda mjinga. Alimsikia akiwaambia wale wasichana, "Mtazameni baba, macho yake yameng'aa," akainama juu ya karai kuficha kicheko. Yameng'aa kwa halwa, we debe tupu! Kila Ijumaa Khairat alimchoma Famau kidole kwa kijimashine chake, akaandika daftarini, akatabasamu peke yake. Hafswa hakuuliza namba. Namba za nini? Yeye alikuwa na hesabu yake. Siku ya arobaini ikifika, mbele ya daktari, atamwacha mtoto ajisifu mpaka amalize, kisha atafungua kinywa. Ama sukari itakuwa juu, basi tango limeshindwa. Ama itakuwa chini, basi halwa haina neno. Kotekote yeye mshindi. Mchezo wa namna hiyo si wa kuacha.

Wala hakujiuliza, ikiwa juu, mguu utakuwaje. Akili yake ilifika hapo ikapinda kona, kila mara.

Siku ya arobaini walichukua bajaji watatu, Famau katikati. Daktari Abdisalam akafungua kitambaa cha kidole, akakitazama kile kidole, akakibonyeza, akamwita na muuguzi aje aone. Kidonda kimefunga. Ngozi mpya, nyekundu kidogo, kavu. Kisha akaleta jibu la damu.

"Mia na arobaini na nane," akasema kwa Kisomali, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Khairat, ambaye Kisomali chake ni cha kuombea maji tu. "Mzee, nani amekusimamia?"

Famau akamwonyesha mkwewe. Khairat akafunika uso kwa ukaya, akaanza kulia. Analia! Hafswa aliona hii ndiyo saa yenyewe.

"Daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu, "huyu mtoto tusimkatae, amefanya kazi. Amemlaza baba yake njaa siku arobaini. Lakini muulize mgonjwa alikuwa akila nini kule pwani. Halwa! Kipande hiki, kila siku ya Mungu, kwa mkono wangu mimi. Sukari na samli. Na tazama, kidole kimepona. Haya, karatasi ya ukutani ichanwe, matango wapewe mbuzi."

Hapana aliyecheka. Daktari aliweka kalamu chini. Khairat aliacha kulia ghafla, akamgeukia, na macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa na hasira.

"Mama," alisema polepole, "ulimpa sukari? Na ulimwosha ami Jaafar kwa mikono yako?"

"Nilichompa nimempa, na amepona!"

"Sikuila," alisema Famau.

Hafswa akadhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Sikuila, Hafswa. Hata siku moja." Alikuwa akivaa kiatu, hakuinua kichwa. "Nilimpa Nasrudin, yule kijana ninayemfundisha ufundi. Amenenepa mpaka hawezi kuingia chini ya mashua. Mwulize."

"Nilikuuliza kila siku! Kila siku ukaniambia umekiona!"

"Nilikiona. Hukuniuliza kama nimekila."

Chumba kikawa kidogo. Hafswa alitafuta neno, na yeye maneno hayajapata kumpotea, tangu utotoni watu wa Ngumi walimwita mdomo wa msumeno. Alichopata ni kidogo sana.

"Mbona hukunambia?"

Ndipo Famau alipoinua kichwa. "Nikwambie nini? Ningesema sili, ungesema nimekuwa mtumwa wa mtoto. Ungenicheka mbele ya Mwanabibi, na mji mzima ungejua kabla ya magharibi. Mimi sina nguvu ya kuchekwa na kuugua kwa pamoja. Nimemwona kaka yangu anatambaa kwenda chooni. Kila nikifungua ule mkoba nikaikuta ile karatasi, nilisema, leo labda hatatia. Leo labda atakumbuka. Siku zote hizo, Hafswa. Hukuniuliza hata mara moja kama naogopa."

Daktari akajifanya anatafuta kitu kabatini. Khairat, yule yule debe tupu, aliinama akamfunga Famau kamba za kiatu cha mguu uliopona, polepole, asije akakibana kidole.

Wakapanda bajaji kurudi. Hafswa alitazama nje ya bajaji, akawaona watu wa Kismayu na mambo yao, wauza maji, wabeba mizigo wa bandarini, wasichana na miamvuli, na kwa mara ya kwanza katika umri wake hakuona wa kumdharau. Aliona haya, haya ya kweli, inayokaa kifuani na haitaki kutoka.

Siku ya pili aliamka kabla ya watu. Karatasi ya ukutani hakuigusa, aliisoma. Aliisoma yote, mpaka lile tango. Akachoma samaki wa changu kwa ndimu na pilipili manga, bila mafuta, akapima wali kwa kiganja chake, akaupunguza tena, akakata mboga, na hakuonja chumvi mara mbili kama desturi yake. Kazi yote aliifanya peke yake, maana Khairat alipotaka kusaidia alimwambia, "Kaa, mwanangu," na safari hii neno lile halikuwa na mzaha ndani yake.

Adhuhuri Famau akarudi kutoka pwani, akanawa, akakaa mkekani. Hafswa akaweka sahani mbele yake. Miaka thelathini na minne amekuwa akiweka sahani mbele ya mtu huyu, na miaka thelathini na minne mtu huyu alisema bismillahi na kutia mkono, hakutazama ni nini, hata siku zile za njaa ya vita ambapo yeye mwenyewe Hafswa hakujua hasa ni nini.

Famau alikitazama chakula. Mkono ukabaki juu ya goti. Kisha akageuza uso, si kwa mkewe, kwa Khairat aliyekuwa mlangoni.

"Mwanangu," akauliza, "hiki naweza kula?"

Khairat alimtazama Hafswa kwanza, kwa huruma, na ile huruma ilikuwa nzito kuliko tusi lolote. Akaja, akachutama, akamgeuza samaki kwa uma, akautazama wali.

"Kula, baba," akasema. "Hiki ni salama."

Ndipo Famau akasema bismillahi.